Kukimbia wakati wa masika

Dada, unasema tangu masika yaanze hapa Dar viatu vyako vya mbio havijatoka chini ya kitanda. Pole. Mvua ikiimba kwenye bati saa kumi na moja alfajiri, shuka linakuwa tamu kweli! Mimi hujidanganya: dakika 10 tu, kisha nageuza. Nikishalowa, sioni tena sababu ya kugeuza.

Jipake mafuta ya mgando mapajani na kwapani, maana nguo mbichi huchubua vibaya. Ukirudi, jaza magazeti ndani ya viatu, yatanyonya maji.

Ila radi ikipiga, au barabara ikigeuka mto, usitoke. Maji yale huficha mashimo na mitaro isiyo na mifuniko. Siku hiyo ruka kamba sebuleni, jirani wa chini atavumilia.