Gereji ya Wasomaji: Moshi wa Bluu, Mshale wa Joto na Barabara ya Musoma

Barua za safari hii zimetoka Mwanza na kando ya ziwa, na zote ni za wenye magari ya spoti ya zamani. Barua ya Datsun tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ndani yake kuna kosa linalogharimu watu siku nzima ya kazi.

SWALI: Mwangaluka mafundi wetu. Nina Datsun 240Z ya mwaka 1972, injini L24. Inatoa moshi wa bluu na kila kilomita 400 inakula oili karibu lita moja. Fundi mmoja anasema tubadilishe ringi tu. Mwingine anataka kuchonga silinda zote sita na kuweka pistoni mpya. Nimfuate nani? Na kabla ya kuvua silinda hedi, niangalie nini? – Msomaji, Nyakato

JIBU: Mwangaluka ndugu yetu. Usimfuate yeyote kati yao mpaka injini ipimwe, maana wote wawili wamekisia.

Anza na moshi wenyewe. Shuka mteremko mrefu ukiwa umeachia mafuta, kisha kanyaga tena huku mwenzako akitazama kwa nyuma. Wingu la bluu likitoka pale tu unapokanyaga, shuku sili za valvu na mirija inayoongoza valvu. Kama moshi unazidi unapopanda kilima injini ikiwa imebeba mzigo, hapo ni ringi na silinda.

Halafu pima kompresheni. Injini iwe ya moto, betri imejaa, plagi zote sita zimetolewa, na mafuta yamekanyagwa mpaka chini ili kabureta zifunguke kabisa. Mtu asipokanyaga, geji itasoma chini na utafungua injini nzima bure. Piga stata mpaka mshale usimame, andika, nenda silinda inayofuata. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya magari havilisemi: Mwanza tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na kasoro inayotoa paundi 170 kwa inchi ya mraba ikiwa Tanga, huku itatoa karibu 150. Kwa hiyo usiogope namba yenyewe, tazama tofauti. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu kabisa. Iliyopungua itilie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi zimekwisha. Isipopanda, valvu haifungi. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika kati yake.

Sasa tuje kwenye silinda hedi, na hapa tunakuomba usome mara mbili. Mnyororo wa taimingi wa L24 unavutwa na tensha iliyo chini, ndani ya kava la mbele. Ukivua gia ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) bila kuubana mnyororo, unalegea, na kile kipande cha tensha kinachosukuma kinachomoka na kuanguka. Kukirudisha ni lazima uvue kava la mbele na kushusha sampu (karai la oili). Dawa yake ni kabari ya mbao ngumu, bapa, ndefu kama sentimita 25, iliyotobolewa juu na kufungwa waya wa kuivutia. Zungusha injini mpaka silinda namba 1 iwe juu kabisa na valvu zake zote mbili zimefunga, weka alama ya rangi nyeupe kwenye mnyororo na kwenye gia, kisha pigilia kabari kati ya pande mbili za mnyororo mpaka ibane. Hapo ndipo unafungua boliti ya gia. Kuanzia hapo krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni) isiguswe.

Kosa la pili: mbele kabisa ya silinda hedi kuna boliti mbili ndogo zinazoishika na kava la taimingi. Wanaozisahau huingiza mtaimbo na kuivunja aluminiamu.

Hedi ikitoka, pima silinda kwa geji ya ndani, sehemu tatu: juu, katikati, chini, na kila sehemu mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. L24 ilitoka kiwandani na silinda za milimita 83. Ulaji ukiwa chini ya milimita 0.2 na silinda bado ni duara, fundi wako wa kwanza ana haki: ringi mpya, na kuta za silinda zipigwe msasa wa honi mpaka michoro ikatizane, maana ringi mpya kwenye ukuta unaong'aa kama kioo haziwezi kukaa. Ukizidi hapo, fundi wa pili ndiye sahihi. Nunua pistoni zilizozidi saizi ya kiwandani kwa milimita 0.50 kwanza, uzipeleke kwa mchongaji zikiwa mkononi. Kila silinda ichongwe kwa kufuata pistoni yake, ikibaki nafasi ya 0.025 hadi 0.045. Anayechonga kabla pistoni hazijafika anachonga kwa kubahatisha.

Silinda zikirudi kutoka kuchongwa, zioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi. Petroli haitoi unga wa jiwe la kuchongea, inausambaza tu. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili. Kikitoka na weusi, osha tena. Tunalisisitiza hili kwa sababu injini nyingi "zilizofanywa upya" hufa mapema kwa uchafu huu na si kwa spea mbovu.

Kila ringi iingize peke yake kwenye silinda yake, isukume chini kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, upime pengo la ncha kwa fila geji. Kwa ringi ya juu lisipungue milimita 0.25. Ringi ikipata moto hurefuka. Ncha zikigusana, inakwaruza silinda mpya siku ya kwanza.

Krenki nayo ipimwe: shingo kubwa ni karibu milimita 55, za koni rodi karibu 50. Ikisagwa, beringi ziwe za saizi iliyopungua kwa kiasi hichohicho, 0.25 au 0.50. Hakikisha nafasi ya oili kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa na kusomwa upana wake. Sisi tunapenda iwe kati ya 0.03 na 0.06.

Wakati wa kufunga, boliti za hedi ni 14 na hazina urefu mmoja, zipange kwenye katoni iliyotobolewa kwa mpangilio uleule. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa toki spana, hatua tatu: paundi-futi 30, 45, kisha 60. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza hewa, 0.25 za ekzosi, kwa spana namba 17 na 14. Injini ikishapata moto zipime upya, ziwe 0.25 na 0.30. Na gia ya kamshafti ina matundu matatu yenye namba. Mnyororo ukirefuka kwa umri, taimingi ya valvu huchelewa. Ukihamia tundu namba 2 unairudisha mbele kwa digrii 4. Mnyororo mpya huanza na namba 1.

SWALI: MGB yangu ya mwaka 1967 ikiwa mbio haina shida, lakini kwenye foleni ya Barabara ya Kenyatta mshale wa joto unapanda mpaka naogopa. Nimeondoa thamostati, haikusaidia. Plagi pia zina masizi meusi. – Msomaji, Capri Point

JIBU: Pole sana. Rudisha thamostati, ya digrii 82. Umeondoa kifaa ambacho hakina kosa, na sasa injini inachelewa kupata moto na kuchakaa haraka.

Joto linalopanda kwenye foleni na kushuka ukiwa mbio ni shida ya upepo. Lingekuwa linapanda ukiwa mbio, tungesema rejeta imeziba. Kagua mkanda wa feni: ukiubonyeza katikati ya sehemu ndefu ushuke kama milimita 13, si zaidi. Kagua taimingi ya moto wa plagi, kwa sababu ikichelewa joto jingi huishia kwenye ekzosi na silinda hedi. Pointi za distribyuta ziwe na pengo la milimita 0.35 hadi 0.40.

Mfuniko wa rejeta usiudharau. Kwa mwinuko wetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi. Mfuniko mzima wa paundi 10 unayapandisha mpaka zaidi ya 110. Mpira wake ukikatika, umepoteza kinga hiyo yote na unabaki kulaumu pampu.

Kisha safisha bloku. Kutu na tope hutulia nyuma, karibu na silinda namba 4, mahali ambapo ukimwaga maji kwa rejeta peke yake hayafiki. Fungua koki ya bloku. Isipotoa kitu, choma kwa waya mpaka tope lianze kutoka, halafu ingiza maji ya bomba kwa kinyume mpaka yawe meupe. Jaza nusu kulanti, nusu maji safi. Huku hakuna barafu, lakini kulanti inazuia kutu, na kutu ndiyo iliyokufikisha hapa. Maji ya ziwani usitie kabisa.

Masizi yanatokana na hewa nyepesi tuliyoitaja juu: kabureta zilizosetiwa pwani zikija huku zinamwaga petroli nyingi kuliko hewa. Kwa kabureta za SU, pandisha nati ya chini, pembe moja tu ya nati kwa wakati, kabureta zote mbili sawasawa. Jaribu kwa kunyanyua pistoni ya kabureta chini kidogo ya milimita moja. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli bado ni nyingi. Ikizimika, umepitiliza. Ikipanda kidogo na kutulia, acha hapo.

SWALI: Petroli isiyo na risasi inaua valvu za magari yetu, kweli? – Msomaji, Musoma

JIBU: Kwa hedi za chuma cha kalibu kama ya MGB, ndiyo, polepole. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Bila risasi, valvu ya ekzosi huchimba kiti chake na kuzama. Dalili ni nafasi ya valvu inayopungua: seti milimita 0.38 injini ikiwa baridi, pima tena baada ya kilomita 5,000. Ikiwa haijasogea, endesha. Ikiwa inapungua kila mara, weka viti vigumu vya ekzosi.

SWALI: Kweli Datsun 240Z ilishinda Safari Rally? Na mtu aliyemaliza injini aende barabara ipi kuilainisha? – Msomaji, Igoma

JIBU: Ilishinda mara mbili. Mwaka 1971, mashindano yalipokuwa bado yanapita Kenya, Uganda na Tanzania, alishinda Edgar Herrmann, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyefungana pointi na Harry Källström wa Datsun nyingine. Barabara zilikuwa za vumbi na matope, na gari lililofika ndilo lililoshinda.

Injini mpya inataka mzigo unaobadilika. Kuiacha inanguruma gerejini saa nzima ni kuiharibu, kwa sababu ringi hazisukumwi ukutani zikakaa. Sisi tunapendekeza barabara ya Musoma: Igoma, Kisesa, Nyanguge, daraja la Simiyu, mpaka Magu, kama kilomita 60. Toka alfajiri kabla ya ng'ombe na baiskeli. Kwenye gia ya tatu na ya nne kanyaga nusu, panda mpaka mizunguko 3,000 kwa dakika, achia kabisa gari lishuke lenyewe, rudia. Ukiachia, mvuto wa hewa unapandisha oili kidogo na kuosha ringi. Usishike mwendo mmoja muda mrefu. Matuta ya Kisesa yakate kwa mshazari, gurudumu moja moja, la sivyo ekzosi inabaki pale.

Magu pumzika, pima oili na maji, tafuta unyevu chini ya injini, kisha rudi. Oili ya kwanza, ya madini 20W-50, mwaga baada ya kilomita 500 na filta yake, uikate filta utazame vumbi la chuma. Baada ya hapo ndipo uende mbali zaidi, Lamadi mpaka Bunda, ukipunguza mwendo karibu na geti la Ndabaka kwa sababu wanyama wa Serengeti huvuka. Upande wa pili, tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, unakata kulia Usagara, unapita Kigongo na kutokea Busisi bila kungoja kivuko. Ni kama kilomita 3 juu ya maji, na upepo wa pembeni unausikia vizuri kwenye usukani wa gari jepesi.