Hizo bati zipeleke shuleni mwenyewe

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Swali lako nimelala nalo siku mbili. Unasema wilayani wamewaita wafanyabiashara, ikasomwa orodha ya michango ya madarasa, na jina lako likasomwa kwa bati 120. Halmashauri hiyo hiyo unaiuzia saruji na bado unaidai. Ukaniuliza, "Baba, nikitoa, hii ni sadaka au rushwa?"

Unakumbuka tulipomuuguza bibi yako Muhimbili? Muuguzi aliniambia, "Mpeleke Sewahaji." Nikasukuma kiti nikidhani ni neno la kidaktari. Kumbe ni wodi yenye jina la mtu: Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, aliyekuwa akiipatia misafara ya bara wapagazi na bidhaa, ya wasafiri wa Kizungu kama Stanley na ya Wajerumani. Serikali ilikuwa mteja wake, kama halmashauri ilivyo mteja wako. Hospitali iliyobeba jina lake ilianza Dar es Salaam mwaka 1897, mwaka aliofariki, na ndiyo chimbuko la Muhimbili.

Lakini kinachonigusa zaidi ni jengo la shule alilowakabidhi Wajerumani pale Bagamoyo. Aliwapa kwa sharti kwamba wasibague watoto kwa rangi. Simfanyi malaika, maana utajiri wa misafara ulipita kwenye mabega ya wapagazi. Ila sharti lile halikuwa la kulinda duka lake. Lilimlinda mtoto ambaye wakoloni wangemfungia mlango.

Mimi sikuwa na akili hiyo. Mwaka wangu wa tatu dukani, ofisi moja iliniomba mifuko 60 ya saruji ya zahanati. Niliipakia usiku kwenye gari lao, bila hata kikaratasi, kwa sababu aliyepiga simu ndiye aliyekuwa akisaini malipo yangu. Zahanati iliishia kwenye msingi, nyasi zikaota ndani. Baadaye malipo yangu yakakwama miezi tisa na sikuthubutu kufungua mdomo, nikiogopa kukumbushwa ile saruji. Yalipotoka sikufurahi. Sikujua nimelipwa kwa kazi yangu au kwa kunyamaza kwangu. Mama yako anajua nilivyokonda mwaka ule.

Kwa hiyo toa, mwanangu. Watoto wanaokaa sakafuni hawana kosa. Ila toa unachoweza, si walichokusomea; kama ni bati 40, ziwe 40. Zipeleke shuleni mwenyewe, mchana, mwalimu mkuu na kamati ya shule wazihesabu, ziingie kwenye leja ya vifaa, wakupe barua yenye mhuri. Andika na sharti lako: ziezeke darasa la kwanza, wale wadogo wanaonyeshewa. Kama kuna zabuni yako inayopimwa sasa hivi, ngoja kwanza mshindi atangazwe. Deni lako lidai kwa barua nyingine, na asitokee mtu wa kukwambia bati zitahesabiwa humo.

Na akikuvuta mtu pembeni akasema atazipokea yeye kwa niaba ya shule, mwambie baba yako yuko njiani kuja kuzihesabu. Hutakuwa umedanganya. Tiketi ya basi la Alhamisi nimeshakata.

Baba yako