Barua kwa Baraka: lile gari la Japani, ulipe au uache

Baraka mwanangu,

Salamu kutoka Temeke. Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua, ila mdomo haujambo. Ujumbe wako nimeusoma na picha zote nimezitazama.

Umeniuliza hivi: umeona Toyota IST ya mwaka 2006 kwenye tovuti ya wauzaji wa Japani, bei pamoja na bima na meli hadi Dar ni dola 2,900. Gari kama hilo hapo Mwanza yadi wanataka zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na kuna kijana anayejiita wakala kakwambia ukimtumia yeye hela kabla ya Ijumaa atakupa punguzo. Ulipe au uache?

Acha. Kuagiza gari si vibaya, na ninyi mmesomeshwa kwa mshahara wangu wa ofisi ya klaringi, ya kutoa mizigo bandarini, pale Kurasini, kwa hiyo siwezi kuwasema vibaya wanaoagiza. Agiza, lakini si gari hilo, wala si kupitia huyo kijana.

Kwanza jiulize Mjapani anaachiaje gari zima kwa bei hiyo. Kule gari dogo likitoka dukani linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo wanauita shaken, na gharama yake inauma. Gari la petroli likivuka miaka 13, kodi yake ya mwaka nayo inapanda. Mwenyewe anapiga hesabu, anaona bora alipeleke mnadani kuliko kulilipia tena. Ndiyo maana unayaona mengi, tena safi, ya umri uleule. Bei imeshuka kule kwa sababu ya umri, na umri huohuo ndio TRA, watu wa mapato, wanaokutoza huku. Wengi wanaona ile bei tu, wanatuma hela, halafu wanakuja kulia kaunta.

Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme TRA wameliwekea gari thamani ya shilingi milioni 10, ili tarakimu zisitusumbue. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, hiyo ni 2,500,000. Sasa tuko kwenye 12,500,000, na juu yake ndipo unapokuja ushuru wa bidhaa. Injini ya IST yako, kwa tangazo, ni ya cc 1300, iko kwenye kundi la zaidi ya 1000 hadi 2000, ambalo ni asilimia 5, yaani 625,000. Halafu ule wa uchakavu: gari la miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15, likizidi miaka 10 ni asilimia 30. La mwaka 2006 limezidi mbali, kwa hiyo 3,750,000. Jumlisha yote unapata 16,875,000, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo, si juu ya ile milioni 10. Hiyo ni 3,037,500. Kodi peke yake imefika 9,912,500, na bado hujaweka ada ya forodha, tozo ya reli, wala usajili.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa gari lisilofika miaka 8. Uchakavu unaondoka, na VAT yake inaondoka nayo. Kodi inakuwa 5,487,500. Tofauti ni 4,425,000. Ukienda kwenye injini isiyozidi 1000, kama Passo au Vitz zenye injini ya 996, hata ile asilimia 5 haipo, na unalipa 4,750,000.

Najua utakachosema: gari jipya zaidi TRA wanaliwekea thamani kubwa zaidi. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu sitaki uchague kwa hesabu yangu. Kwenye tovuti ya TRA kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika. Unaweka aina, modeli, mwaka, nchi linakotoka na ukubwa wa injini, kinakupa thamani yao na jumla ya kodi. Weka IST ya 2006, kisha weka hizo nyingine unazozitamani, moja moja. Jumlisha na bei ya mwuzaji ndipo ulinganishe. Na jambo moja wateja walikuwa wanabishana nalo mpaka jasho linawatoka: thamani inayotumika ni ile ya TRA, hata kama risiti yako inasema umenunua kwa nusu yake. Kumshusha Mjapani bei kunakupunguzia bei ya gari tu.

Meli nayo haijali umri. Wanatoza kwa ujazo, na IST ni karibu mita za ujazo 10, liwe zima au bovu. Unalipia safari ileile kwa gari lililobakiza miaka kumi ya maisha na lililobakiza miwili.

Sasa kuhusu kulikagua usiloliona. Picha usizitegemee, gari lililooshwa linapendeza kwa kila mtu. Mwombe mwuzaji karatasi ya mnada, kwa sababu magari mengi ya aina hii yamepita mnadani kabla hayajaingia kwenye tovuti. Ni ukurasa mmoja wenye mwandiko wa Kijapani, na pembeni kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama samaki wa kubanika. Juu kwenye kona kuna daraja: 4 na 4.5 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida lenye makovu yake, na ukikuta R au RA ujue liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wanaandika herufi na namba. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba ikiwa kubwa, tatizo ni kubwa. A1 mlangoni usipotezee usingizi, hata bodaboda wa Buzuruga atakuwekea kubwa zaidi wiki ya kwanza. Lakini W na XX zikijipanga upande mmoja, kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, hilo liligongwa ubavuni, achana nalo hata daraja likisomeka zuri.

S nayo iangalie kwa makini. Magari ya Hokkaido na kule kwenye theluji nyingi hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi, chini yanaliwa wakati juu yanang'aa. Omba picha za uvunguni. Anayekataa kukupa picha ya uvunguni amekujibu tayari.

Karatasi hizo nazo zinaghushiwa, usiniambie mama hakukwambia. Namba ya chesesi iliyo kwenye karatasi ifanane na ya kwenye ankara, ifanane na ya kwenye picha ya bamba lenyewe. Na namba hiyo inakwambia mengi. IST inayoanza na NCP60 ni ya 1300, NCP61 ni ya 1500, NCP65 ni ya 1500 inayovuta matairi yote manne. Uliyonitumia tangazo linasema 1300, lakini bamba kwenye picha linasomeka NCP61. Pengine mtu kakosea kuandika. Mimi nisingetuma dola elfu tatu kwa mtu anayekosea kuandika kitu hicho.

Huyo kijana wa Ijumaa sina mengi juu yake. Kampuni ya kweli inakupa ankara yenye jina lako, namba ya chesesi na akaunti ya benki huko Japani yenye jina lilelile la kampuni. Ankara hiyo nayo huwa na siku ya mwisho ya kulipa, kwa hiyo haraka peke yake si dalili ya utapeli. Dalili ni akaunti ya mtu binafsi, au namba ya simu ya kutumia hela, au barua pepe inayokuja katikati ya mazungumzo kusema "tumebadilisha akaunti". Hiyo ya mwisho imewaliza watu wenye akili zao, kwa sababu inatoka kwenye anwani inayofanana na ile ya kweli, imezidi herufi moja tu. Ukiipata, piga simu kwa namba iliyoko kwenye tovuti ya kampuni, si iliyoko kwenye barua hiyo. Lipa benki kwa benki, na kwenye maelezo ya malipo andika namba ya ankara. Nakala utunze.

Kabla hawajakutengenezea BL, ile hati ya mzigo ya meli, watumie jina lako kama lilivyo kwenye NIDA na kwenye TIN, majina yote matatu. Wewe huwa unajiandika Baraka na la baba tu. BL ikitoka na majina mawili huku TIN ina matatu, utalipia marekebisho, na gari litakaa bandarini likihesabiwa siku. Uliza pia habari ya ukaguzi wa TBS, shirika la viwango. Zamani ulifanyika hukohuko kabla ya kupakiwa, mwaka 2021 ukaletwa Dar. Kwa hiyo ukiona kwenye ankara umetozwa ukaguzi, waulize ni wa nani na kama cheti chake kitatambuliwa huku.

Baharini ni kama mwezi hadi mwezi na nusu. Nyaraka halisi zije kwako au kwangu, si kwa wakala. Wakala wa forodha utamhitaji, huwezi kuikwepa hiyo, na awe na leseni ya TRA. Mwambie akuandikie mapema ada yake, malipo ya wakala wa meli na malipo ya bandari, kila kimoja mstari wake. Lakini kodi usimkabidhi mkononi. Tathmini ikishatoka, inatoka na namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwambie akutumie, ulipe mwenyewe benki au kwenye simu. Nimeona watu wazima wakilala kwenye benchi la ofisi kwa sababu hela ya ushuru ilipita kwanza kwenye mambo ya mtu mwingine, gari liko ndani na siku za bure za bandari zimeshakwisha.

Siku ya kulitoa nitakwenda mimi, baba yako abaki na goti lake. Nitavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, kwa sababu huo watu husahau kuuosha. Gari lililoingia kwenye mafuriko, mkanda wake huwa safi juu na kule chini unabadilika rangi kwa mstari, kama kuta za nyumba za Jangwani baada ya masika. Nitainua zulia la buti. Nitahesabu jeki, spana ya gurudumu, tairi la akiba, redio na vioo vya pembeni nikilinganisha na picha za wakati linapakiwa, kabla mtu hajasaini kupokea. Betri huenda ikawa imelala, hiyo si ajabu.

Matairi nayo angalia ile namba ya tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na yakiwa laini yenye mikato midogomidogo mingi, hayo ni ya theluji. Kwenye lami ya Singida na jua lile yanakwisha unayaona. Badilisha hapa kabla ya safari, pamoja na oili ya injini. Ya gia boksi mpe fundi aitazame, na aweke ileile inayotakiwa, si yoyote iliyopo dukani. Redio usiilaumu, ya Kijapani inaanzia 76 na inaishia chini ya stesheni zetu nyingi, fundi anaweka kifaa kidogo inashika.

Kutoka hapa hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Chukua likizo uje ulifuate mwenyewe, likishapata namba na bima. Madereva wa kupeleka magari wapo, wazuri wapo, ila na wale wanaopakia abiria njiani kama magari ya IT, yale yanayopita kwenda nje ya nchi kupitia Tunduma, nao wapo.

Ungeniuliza ningenunua lipi, ningetafuta Vitz ya 996 isiyofika miaka 8, daraja 4, hata kama bei ya tovuti itakushtua mwanzoni. Passo ni rahisi zaidi, lakini nyumba mmejenga kule juu ya mawe, na sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa mtakuwa mnaenda Sengerema kwa wakwe kila sikukuu, nadhani mtaichoka. Kama moyo umeng'ang'ania IST, basi tafuta ya daraja zuri, na hela ya kodi iwe imekaa pembeni tayari kabla gari halijapanda meli.

Nitumie majibu ya kikokotoo kwa magari matatu, na karatasi ya mnada ya utakalolipenda. Usilipe hata senti kabla sijaiona. Huyo kijana mwambie mama amekataa, utaona atakavyopotea.

Mwambie Neema dagaa wamefika salama na tumeshawala nusu. Safari ijayo asiwaweke mfuko mmoja na sato.

Mama yako