Tapeti za oili zilizoganda: tafuta trei ya mayai kabla ya nyundo

Wadogo zangu mnaoingia gereji, siku mtakapofungua injini ya Rover V8, ile ya Range Rover na Discovery za zamani, na kunyanyua manifoldi ya juu, mtaziona tapeti 16 kwenye matundu yake, vile vikombe vidogo vya chuma vinavyosukumwa na kamshafti (mhimili wenye nundu) ili valvu zifunguke. Nyingine zinang'aa, nyingine zina rangi ya kahawia kama sufuria iliyounguziwa sukari. Hizo za kahawia zitilieni shaka kwanza. Oili iliyochelewa kumwagwa imeiva ikawa gundi, pistoni ndogo ya ndani imegandana na kikombe chake, na tapeti haiwezi tena kuziba ule uwazi unaofanya valvu zigonge.

Kabla ya kuchomoa hata moja, tafuta trei ya mayai, andika namba 1 hadi 16. Nasisitiza hili kwa sababu liliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza nilizifungua zote nikazitumbukiza kwenye beseni moja la mafuta ya taa. Zilitoka safi kabisa, ila sikujua tena pistoni ipi ni ya kikombe kipi. Nikazifunga hivyohivyo. Injini iligonga kuliko mwanzo, na mwenye gari akalazimika kununua seti mpya pamoja na kamshafti. Pistoni na kikombe chake vimepimwa pamoja kiwandani, uwazi kati yao ni mdogo kuliko unene wa unywele. Tena kitako cha kila tapeti kimeshazoeana na nundu yake ya kamshafti.

Ikigoma kutoka kwenye bloku, usiivute kwa plaizi. Mara nyingi kitako kimetanuka kama uyoga, na ukilazimisha kitakwangua tundu. Toa kamshafti kwanza, kisha isukume tapeti itokee chini. Hiyo hairudi tena.

Nzima zilizoganda, ziloweke usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kila moja kwenye kopo lake. Dizeli nayo inalainisha, ila taratibu sana. Asubuhi simamisha tapeti kwenye jiriwa yenye vipande vya mbao, ubonyeze kiti cha ndani kwa kipande cha pushirodi ya zamani, ile fimbo inayokaa juu ya tapeti. Bonyeza polepole, maana oili iliyonaswa chini inavuja kidogo kidogo. Klipu inayoshikilia kiti ikilegea, itoe kwa ncha kali huku umefunika kwa kitambaa. Ikiruka hutaiona tena. Kisha igeuze mdomo chini, uigongegonge juu ya gogo. Kiti kitadondoka, halafu pistoni. Ikikataa, irudishe kwenye dawa siku nyingine nzima. Subira hapa ni sehemu ya kazi.

Chini ya pistoni kuna kagololi na springi ndogo. Hivyo ndivyo vinavyozuia oili isirudi, kwa hiyo usipulize kwa upepo wa kompresa bila kuvikinga kwa kiganja. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Msasa usiusogeze karibu, hata ule laini kabisa.

Pistoni ikiwa safi na kavu, ishuke yenyewe ndani ya kikombe. Ukishatia oili na kufunga, ibonyeze kwa kidole gumba: iwe ngumu. Ikizama upesi, imechakaa. Kisha weka rula kwenye kitako. Kikiwa kimebonyea katikati, tupa, na kamshafti nayo isiaminiwe.

Wakati wa kufunga, jaza vazelini kwenye gia za pampu ya oili ili ivute mara moja. Kama umeweka kamshafti mpya, injini ikiwaka usiiache kwenye sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa moto. Ishike mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20. Kugonga kwa dakika chache za mwanzo ni kawaida. Kukiendelea injini ikiwa imeshapata moto, chukua bisibisi ndefu, weka mpini sikioni na ncha kwenye kava ya valvu, tembea nayo taratibu mpaka uipate inayogonga.