Jibu: Mama ana presha na sukari, daktari wa familia wa nini?

Dadangu, umeuliza kwa nini mama anayeishi Faza, kisiwani Pate, mwenye presha na sukari, aonwe na daktari wa familia. Ni kwa sababu ana yote mawili! Huyu ni daktari aliyerudi chuoni kusomea kumtibu mtu mzima mzima, si kiungo kimoja. Chuo Kikuu cha Moi kilianza mafunzo hayo 2005, na madaktari hawa bado ni wachache mno. Atazipitia dawa zote pamoja, atamgusa nyayo aone kama zina ganzi, atauliza nani anampikia na nauli ya boti inatoka wapi. Hilo la nauli ni zito: mgonjwa wa visiwani akiitwa aje mjini Amu (Lamu) kila mara, huishia kuacha dawa. Bebeni vidonge vyote, hata dawa za miti shamba, msimfiche.