Maswali ya Wasomaji: Betri inasema 18, simu imezima

Barua nyingi za toleo hili zimetoka upande wa ziwa na Bonde la Ufa, na karibu zote zinahusu programu za simu zinazotakiwa kujua betri imebaki na kiasi gani, kwenye Android na kwenye iPhone, kwa msimbo mmoja. Tumezifupisha kidogo.

SWALI: Kwenu washauri. Tunatengeneza programu ya wanabodaboda wanaopeleka samaki kutoka Dunga hadi hotelini mjini. Tunatumia Flutter, zana ya kuandika programu ya Android na iPhone kwa msimbo mmoja, na kifurushi chake cha kusoma betri, battery_plus. Asilimia inaonekana programu inapofunguka, halafu inaganda. Mwendeshaji akichomeka chaja ndipo inabadilika. Na kwenye iPhone ya mwenzetu inaruka kutoka 65 hadi 60 bila kupita katikati. Kosa liko wapi?
*Msanidi programu, Kisumu*

JIBU: La kuganda ni lenu. La iPhone si lenu.

Kifurushi hicho kina njia mbili za kupata habari, na watu wengi huzichanganya. batteryLevel hujibu mara moja tu kila unapoiuliza, kwa namba nzima kati ya 0 na 100. onBatteryStateChanged ni mkondo unaokuletea taarifa wenyewe, lakini unaleta hali, hauleti asilimia: inachaji, inatumika bila chaja, imejaa, imechomekwa ila haichaji, au haijulikani. Ukisoma asilimia mara moja mwanzoni, kisha ukauachia mkondo kazi iliyobaki, utapata hicho hasa mnachokiona. Dawa ni kuisoma asilimia upya kila mkondo unapoleta neno, na kuongeza saa ndogo ya kuisoma wakati skrini ikiwa wazi:

```
final betri = Battery();
int? asilimia;
StreamSubscription<BatteryState>? mkondo;
Timer? saa;

Future<void> soma() async {
  final a = await betri.batteryLevel;
  if (!mounted) return;
  setState(() => asilimia = a);
}

@override
void initState() {
  super.initState();
  soma();
  mkondo = betri.onBatteryStateChanged.listen((_) => soma());
  saa = Timer.periodic(const Duration(minutes: 1), (_) => soma());
}

@override
void dispose() {
  mkondo?.cancel();
  saa?.cancel();
  super.dispose();
}
```

Msiache hizo cancel mbili. Zikikosekana, kila skrini inapofunguliwa upya inazaa saa nyingine huku ya zamani ikiendelea kupiga, na jioni programu ya kuchunga betri ndiyo inayoimaliza. Ongezeni pia kuita soma() programu inaporudi mbele, yaani AppLifecycleState.resumed, kwa sababu simu ikiwa mfukoni saa hiyo inaweza kusimamishwa.

Dakika moja ni mara nyingi vya kutosha. Simu inayodumu saa 8 hupoteza asilimia moja kwa karibu dakika 5, kwa hiyo anayeuliza kila sekunde anapewa jibu lilelile mara mia tatu.

Kuhusu iPhone: tangu iOS 17, iliyotoka mwaka 2023, mfumo huzipa programu asilimia iliyokadiriwa kwa tano-tano, ingawa juu ya skrini mtumiaji anaona namba kamili. Hakuna kifurushi kitakachowapa 63. Kwa hiyo msiandike sharti la “ikiwa sawa na 18”, maana 18 haitafika kamwe. Andikeni “ikiwa 20 au chini”.

Jihadharini na vipimo pia, hasa kama mmoja wenu ametoka kwenye zana nyingine za aina hii, kama Expo au .NET MAUI. Huko kiwango ni desimali ya 0 hadi 1, kama ilivyo kwa iOS yenyewe. Mtu akinakili hesabu ya kuzidisha kwa 100 na kuileta Flutter, skrini itasoma asilimia 8500. Na mkiona -1 popote, msiichore kama betri tupu. Maana yake ni kwamba kipimo hakipatikani, kwa mfano kwenye simu ya kuigiza ya iPhone ndani ya kompyuta, ambayo haina betri.

Kwa watu wa bodaboda kuna jambo jingine. Soketi ya USB ya pikipiki ikitoa volti 5 na nusu ampea, hiyo ni wati 2.5. Simu yenye ramani wazi, mwanga wa skrini juu kabisa na data imewashwa inaweza kula zaidi ya hapo. Mfumo utasema “inachaji”, na ni kweli imechomekwa na umeme unaingia, ila asilimia inashuka. Msimfiche mwendeshaji onyo kwa sababu tu hali ni ya kuchaji. Linganisheni asilimia ya sasa na ya dakika 10 zilizopita. Kama imeshuka, mwambieni chaja haitoshi. Na simu iliyofungwa kwenye usukani jua la saa saba hupata joto. Betri ikifika karibu nyuzi 45 simu nyingi hupunguza au hukata kuchaji, ndipo mnaona ile hali ya “imechomekwa ila haichaji”. Chaja haijaharibika. Simu ihamishiwe kivulini.

SWALI: Makarani wetu hupima maziwa alfajiri kule Molo na Elburgon, wanaandika kilo kwenye simu za Android na kuchapa risiti kwa printa ya Bluetooth. Tumeweka onyo kwenye asilimia 10. Simu kadhaa huzima zikiwa na 18 au hata 22, na rekodi za wakulima zinapotea. Je, programu inasoma vibaya?
*Afisa wa ushirika, Nakuru*

JIBU: Programu inasoma sawa. Kinachosomwa ndicho makadirio.

Betri ya lithiamu haina kijiti cha kupima kilichobaki. Simu huhesabu umeme ulioingia na uliotoka, ikaulinganisha na ujazo inaoukumbuka, na kusahihisha kwa volti. Betri ikizeeka, ujazo wa kweli hupungua na ukinzani wa ndani, yaani ugumu wa umeme kupita, hupanda, na huo ukinzani ndio unaozima simu zenu. Chukua betri iliyobaki na asilimia 18, volti zake kama 3.7 ikiwa imetulia. Karani akibonyeza kuchapa, redio ya simu, skrini na Bluetooth vikavuta ampea 2 kwa pamoja kwa muda mfupi. Betri nzuri yenye ukinzani wa omu 0.1 itashuka kwa volti 0.2 na kubaki na 3.5, na hakuna atakayegundua. Betri iliyochoka yenye omu 0.3 itashuka kwa volti 0.6, ibaki na 3.1. Hapo simu nyingi hujizima kujilinda. Baridi hupandisha ukinzani huohuo, na alfajiri ya Molo kila mtu anaijua. Ndiyo maana simu ileile ikiwashwa saa nne jua likiwa limetoka inarudi na asilimia zake 15, karani anaonekana mwongo.

Fanyeni mambo mawili kwenye programu, na la kwanza ni kubwa kuliko onyo lolote. Rekodi iandikwe kwenye hifadhidata ya simu, SQLite au nyingine, mara tu karani anapothibitisha kilo, kabla ya amri ya kuchapa kwenda. Kuchapa ndiko kunakovuta umeme mwingi, kwa hiyo mpangilio wa “chapa, kisha hifadhi” unapoteza rekodi mahali palepale simu inapozima. Kutuma kwenye seva kutasubiri mtandao. Kuhifadhi kusisubiri chochote.

La pili, kila simu iwe na kiwango chake cha onyo. Kila mnaposoma betri, hifadhini asilimia na saa. Programu ikifunguka, angalieni simu iliwashwa lini. Android hutoa muda uliopita tangu kuwashwa kupitia SystemClock.elapsedRealtime. Kama simu imewashwa upya baada ya usomaji wa mwisho, na usomaji huo ulikuwa zaidi ya 10 bila chaja, hilo lihesabiwe kuwa tukio moja la kuzima ghafla. Huenda karani aliizima mwenyewe, kwa hiyo msiamue kwa tukio moja. Zikifika tatu, pandisheni onyo la simu hiyo hadi asilimia 10 juu ya namba iliyozimia. Simu inayozima kwa 22 ianze kulia kwenye 32.

Mkitaka kujua zaidi kuhusu betri, Android hutoa joto, volti na hali ya afya kwenye taarifa ya ACTION_BATTERY_CHANGED, ila battery_plus haizipitishi. Mtaandika daraja fupi kwa Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android. Joto huja kwa sehemu za kumi za nyuzi, yaani 312 ni nyuzi 31.2. Kuanzia Android 14 kuna pia idadi ya mizunguko ya kuchaji, kwenye simu zinazoitoa. iPhone haizipi programu za kawaida joto la betri wala mizunguko, kwa hiyo msilijenge jambo la lazima juu ya namba hizo.

Zaidi ya hapo, nunueni betri mpya. Msimbo hauponyi omu 0.3.

SWALI: Tovuti yetu ya kuuza mbegu inaweza kuona betri ya mteja na kupunguza picha ikiwa chini?
*Msomaji, Kakamega*

JIBU: Kwa Chrome na ndugu zake, ndiyo, kupitia navigator.getBattery() na lazima iwe HTTPS. Firefox iliiondoa mwaka 2017 kwa sababu ilisaidia kuwafuatilia watu, na Safari haijawahi kuiweka. Punguzeni picha kwa kila mtu, bila kuuliza betri.

SWALI: Mratibu wetu anataka kuona kwenye kompyuta ya ofisi asilimia ya kila simu ya wahudumu wa afya ya jamii, kila dakika, hata programu ikiwa imefungwa. Inawezekana?
*Mtaalamu wa data, Busia*

JIBU: Kila dakika, hapana. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala hufungia kazi za chinichini na kuzipa nafasi chache za kuamka. WorkManager, ambayo ndiyo njia halali ya kazi za kurudiarudia, haikubali muda chini ya dakika 15, na hata hizo si ahadi. Baadhi ya watengenezaji wa simu huongeza ukali wao wenyewe wa kuua programu. iOS huamua yenyewe lini ikuamshe, na inaweza isikuamshe siku nzima. Mkilazimisha kwa huduma inayokaa macho, simu itaisha chaji mapema ili mratibu ajue kwamba inaisha chaji.

Muulizeni anataka kuamua nini kwa namba hiyo. Kwa kawaida jibu ni “nani apewe pawabenki au paneli ya sola”, na uamuzi huo unahitaji mwenendo wa wiki. Basi kila mhudumu anapotuma fomu ya nyumba aliyoitembelea, ambatanisheni mambo manne: saa, asilimia, hali ya kuchaji, na kama hali ya kuokoa betri imewashwa (isInBatterySaveMode). Haifiki baiti mia moja. Mtaona nani huanza asubuhi na 40 kwa sababu kwake hakuna stima, na nani huishiwa saa nane.

Asilimia yenye jina la mtu ni data yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka aelezwe mnachokusanya na kwa nini, kwa hiyo sentensi moja iwepo kwenye skrini ya kujisajili.

SWALI: Nitajaribuje onyo la asilimia 15 bila kukaa nikisubiri simu iishe?
*Mwanafunzi, Bungoma*

JIBU: Idanganye. Simu ya Android ikiwa kwenye waya wa kompyuta, toa amri hizi kwa mfuatano kupitia adb, zana ya kompyuta ya kuiamuru simu ya Android:

```
adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys battery set status 3
adb shell dumpsys battery set level 14
```

Ya kwanza ni muhimu, kwani waya huohuo unachaji, na bila kuuficha programu yako haitaiona hali ya kutokuwa na chaja. Namba za status: 2 inachaji, 3 inatumika, 4 haichaji, 5 imejaa. Jaribu 16, kisha 15, kisha 14, uone onyo linatoka mara moja tu badala ya kurudi kila asilimia ikishuka. Weka pengo: onyo litoke kwenye 15, lisijiandae kutoka tena hadi betri ipande juu ya 20. Bila pengo hilo, betri inayochezacheza kati ya 15 na 16 itamsumbua mtumiaji.

Ukimaliza, toa adb shell dumpsys battery reset. Usipofanya hivyo simu itaendelea kuonyesha 14 hadi uizime na kuiwasha, na utaipeleka kwa fundi bure.