Namba zisipotee ukibadilisha simu

Ndugu, umeuliza kama ukihamishia laini kwenye simu mpya namba zote zitakuja nayo. Hapana. Zitakuja zile tu zilizohifadhiwa kwenye laini yenyewe, na laini nyingi hubeba namba kama 250 hivi, tena majina marefu hukatwa.

Kama simu zote mbili ni Android, tumia akaunti ya Google. Ila angalia: majina uliyohifadhi kwenye kumbukumbu ya simu huenda yasipande yenyewe, yahamishie kwanza kwenye akaunti. Kisha fungua contacts.google.com kwenye kifaa kingine uyaone kwa macho yako. Wengi huruka hatua hii. Na nywila ya akaunti hiyo, ya kuingilia kwenye simu mpya, unaikumbuka, lakini? Simu ya zamani usiifute mpaka majina yaonekane kwenye mpya.